Umbali wa Msafiri: Kilomita, Saa na Hukumu ya Safari katika Zama za Ndege

Baina ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulioko Nairobi na uwanja wa John F. Kennedy ulioko New York kuna takriban kilomita 11,800 kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, na tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kurusha ndege yake moja kwa moja baina ya miji hiyo, umbali huo hukatwa kwa saa 15 hivi kwenda na saa 14 hivi kurudi. Hesabu hizi mbili, ya kilomita na ya saa, huandikwa pamoja kana kwamba zinaeleza kitu kimoja kwa vipimo viwili. Kwa Mwislamu anayesali mara tano kwa siku na kufunga mwezi wa Ramadhani hazielezi kitu kimoja, kwa sababu sheria ya dini yake imempa msafiri nafuu maalumu, na nafuu hiyo haina budi kufungamana ama na umbali aliouvuka, ama na muda na taabu alizozipata katika kuuvuka. Kwa karne nyingi swali hili halikuwa na uzito, maana aliyekwenda mbali alichelewa, na aliyechelewa alitaabika. Ndege imeyatenganisha mambo hayo matatu, na kwa kuyatenganisha imemlazimisha mwenye kuifikiri dini yake aulize ni lipi hasa kati yake linaloitwa safari.

Nafuu yenyewe katika istilahi ya mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, huitwa rukhsa, nayo ni hukumu nyepesi inayoshika nafasi ya hukumu ya asili, iitwayo azima, kwa ajili ya udhuru unaotambuliwa na sheria. Msafiri huruhusiwa kuzipunguza sala za rakaa nne, adhuhuri, alasiri na isha, akazisali rakaa mbili mbili; katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huruhusiwa pia kuikusanya adhuhuri na alasiri, na magharibi na isha, katika wakati wa mojawapo; na katika Ramadhani huruhusiwa kula mchana, akazilipa baadaye siku alizozila. Mafakihi wa Kishafi hawakuiachia kila safari nafuu ya kupunguza sala, bali waliiwekea mpaka wa marhala mbili, yaani vituo viwili vya safari, na marhala moja ni mwendo wa siku moja wa wanyama waliobeba mizigo. Kwa hesabu ya masafa, marhala mbili ni farsakhi 16, sawa na maili 48 za zamani, ambazo waandishi wa leo huzikadiria baina ya kilomita 80 na 90. Inafaa kulitazama vizuri jambo hili, kwa kuwa kipimo hicho kilizaliwa kikiwa na sura mbili: ni mwendo wa siku mbili, tena ni maili 48. Fakihi aliyekitaja hakuhitaji kusema ni sura ipi inayoitangulia nyenzake, kwa kuwa ngamia aliyelemewa na mzigo hazitenganishi.

Mkazi wa pwani anaweza kuuona mtengano wenyewe bila kwenda New York. Baina ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na ule wa Unguja kuna takriban kilomita 73 kwa mstari ulionyooka, masafa yasiyofikia kilomita 80, ilhali baina ya Dar es Salaam na Mombasa zipo zaidi ya 300. Abiria wa jahazi aliyezuiwa na upepo wa mbisho akalala baharini usiku mzima baina ya Dar es Salaam na Unguja, akatapika na kulowa, alibaki chini ya kipimo na hakuwa na haki ya kuipunguza sala yake. Na abiria wa leo anayeruka kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa kwa muda usiofika hata saa mbili, akiwa ameketi kwenye kiti laini na kikombe cha chai mkononi, anayo haki hiyo kamili. Ikiwa nafuu imewekwa kwa ajili ya taabu, hukumu hii imegeuka juu chini, nayo imepewa asiyeihitaji na kunyimwa anayeihitaji. Wapo wasomaji wa zama hizi wanaofika hapo wakakata shauri kwamba rukhsa ya safari ni masalio ya enzi za ngamia ambayo ndege imeyaondolea maana.

Hata hivyo, swali hili ni la kale kuliko ndege kwa karne nyingi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia, katika kitabu chake Minhaj al-Talibin, ambacho kimesomeshwa kizazi baada ya kizazi katika Lamu, Mombasa na Unguja, anakitaja kipimo cha maili 48, kisha anaongeza maneno yake mwenyewe juu ya yale aliyoyafupisha kutoka kitabu cha Rafii, akisema kwamba bahari ni sawa na nchi kavu katika hukumu hii, na kwamba mtu akizikata maili hizo baharini kwa saa moja tu bado atapunguza sala. Katika zama za Nawawi hapakuwa na chombo cha kukata zaidi ya kilomita 80 kwa saa moja. Aliiweka sura hiyo ya kubuni kwa makusudi, ili aipasue hukumu mahali ambapo maisha ya kawaida yalikuwa hayajaipasua, aone ndani yake nini kimebaki. Alichokiona kimebaki ni umbali. Msomaji wa leo akikutana na sentensi hiyo hapaswi kuistaajabia kana kwamba ni utabiri wa ndege, kwa maana haukuwa utabiri. Ulikuwa uaminifu wa kifikra, wa kuifuata kanuni hadi mwisho wake hata pale ambapo mwisho huo haujawahi kuonekana na jicho la mtu.

Msingi wa jibu hilo unapatikana katika elimu ya usuli, yaani elimu inayochunguza jinsi hukumu zinavyotolewa katika matini za dini, ambamo wanazuoni hutofautisha illa na hikima. Illa ni sifa iliyo dhahiri na isiyoyumba, ambayo hukumu hufungwa nayo, ikawapo inapokuwapo na ikaondoka inapoondoka. Hikima ni manufaa au madhara ambayo kwa ajili yake hukumu iliwekwa tangu mwanzo. Katika mlango wa safari, illa ni safari yenyewe na hikima ni taabu. Taabu haikufanywa illa kwa sababu haina kipimo: inatofautiana kwa afya na umri, kwa majira na kwa moyo wa mtu, na sheria inayoambatana na kila moyo haiwezi kuwa sheria ya watu wengi. Ndiyo maana vitabu vya usuli huleta mfano wa mfalme anayesafiri kwa starehe, akibebwa na kuhudumiwa, ambaye anapunguza sala, pamoja na mchukuzi anayebeba mizigo mizito juani mjini kwake, ambaye hapunguzi ijapokuwa taabu yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya mfalme. Hamali wa bandari ya Mombasa na abiria wa daraja la kwanza angani wamekwisha kutajwa katika mfano huo, kwa majina mengine.

Jibu la usuli linatosha kuilinda hukumu, lakini halitoshi kuutuliza moyo unaouliza, kwa sababu bado mtu anaweza kusema kwamba illa bila hikima ni ganda bila kiini, na kwamba pale ambapo taabu imeondoka kabisa, siyo kwa mfalme mmoja bali kwa mamilioni ya wasafiri, kuendelea kuwapa nafuu ni kuabudu herufi. Pingamizi hili lina nguvu, na linastahili kujibiwa kutoka ndani ya dini yenyewe. Aya ya sura ya Nisaa inayotaja kupunguza sala safarini inaitaja pamoja na hofu ya kushambuliwa na makafiri. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba Yaala bin Umayya alimuuliza Umar bin al-Khattab kwa nini watu wanaendelea kupunguza ilhali wamekwisha kuwa katika amani, na Umar akamwambia kwamba yeye naye alistaajabia jambo hilohilo akamuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akamjibu kwamba hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa, basi waipokee. Tukio la kwanza lililoizaa nafuu, yaani hofu, liliondoka Mtume akiwa hai, na nafuu haikuondoka. Anayedhani kwamba kuondoka kwa taabu kunabatilisha rukhsa analeta hoja ambayo Umar aliitangulia, na ambayo ilijibiwa, tena kwa jibu linaloihamisha nafuu kutoka kwenye mizani ya haja na kuiweka kwenye mizani ya kipawa. Sadaka haipimwi kwa ukubwa wa shida ya anayeipokea peke yake. Hupimwa pia kwa ukarimu wa anayeitoa.

Ipo rai nyingine ambayo haistahili kupitwa kwa haraka. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alishikilia kwamba Qurani na Sunna zimeitaja safari bila kuiwekea mpaka wa maili, na kwa hiyo safari ni kile ambacho watu katika ada yao hukiita safari: aliyejitayarisha, akachukua masurufu yake na kutoka nje ya mji wake kwenda mahali panapohesabiwa kuwa ni mbali, huyo ni msafiri, ziwe maili zake ni nyingi au ni chache. Uzuri wa rai hii ni kwamba inamrudishia yule abiria wa jahazi haki aliyonyimwa na hesabu ya kilomita. Udhaifu wake unajitokeza pale ambapo ada yenyewe imelegea. Mfanyabiashara anayetoka Nairobi asubuhi, akafanya kikao Mombasa na kurudi kulala nyumbani kwake, huenda asijiite msafiri, wala majirani zake wasitambue kwamba alitoka. Na ada ikiendelea kufuata wepesi wa vyombo, itafika siku ambapo kwenda popote duniani hakutaitwa safari. Kipimo cha umbali, kwa ukavu wake wote, kinamlinda msafiri asije akasahauliwa na lugha ya zama zake, na kwa sababu hiyo kinaonekana kuwa na busara zaidi kwa watu wa leo kuliko kilivyokuwa kwa watu wa misafara.

Umbali unalinda nini hasa, ikiwa haulindi taabu? Jibu limo katika namna mafakihi walivyoweka mwanzo na mwisho wa safari. Msafiri haanzi kuwa msafiri anapokaza nia wala anapofunga mizigo, bali anapoyavuka majengo au ukuta wa mji wake. Na huacha kuwa msafiri anaporudi humo, au, kwa Mashafi, anaponuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuihesabu siku ya kuingia wala ya kutoka. Mipaka yote miwili ni ya makazi. Safari kwa maana hii ni hali ya mtu kuwa nje ya mahali pake, ambapo anajulikana, ambapo ana kitanda na msikiti na watu wa kumuuguza akiugua na kumzika akifa, na umbali ni kipimo cha utengano huo. Ndege imeipunguza taabu ya kuuvuka utengano na imeupunguza muda wake, lakini haikuuondoa wenyewe: Mkenya aliyetua New York baada ya saa 15 yuko mbali na mama yake kwa kilomita zilezile ambazo angekuwa mbali naye kama angekwenda kwa meli kwa majuma kadhaa, na simu ikilia usiku kwamba mama ameanguka, atazihesabu kilomita hizo moja moja. Qurani yenyewe, inapoeleza katika sura ya Saba upepo uliotiishwa kwa Nabii Sulaiman, inasema kwamba mwendo wake wa asubuhi ulikuwa wa mwezi na wa jioni ulikuwa wa mwezi. Upepo ulikata masafa hayo kwa nusu siku, na masafa yakabaki yakiitwa kwa jina la mwezi, kwa kipimo cha mtu aendaye kwa miguu yake na kwa mnyama wake. Mwendo wa chombo ulibadilika, na umbali wa mwanadamu ukabaki na jina lake.

Hadi hapa umbali umeushinda muda. Lakini katika ibada muda nao una haki yake, na hapa safari ya kwenda mashariki au magharibi inazua mambo ambayo safari ya kwenda kaskazini haiyazui. Mahujaji wanaoruka kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah hupita karibu juu ya mstari mmoja wa longitudo, kwa kuwa viwanja vyote viwili viko kwenye digrii 39 na ushei mashariki. Hukata takriban kilomita 3,160 kwa saa nne hivi, na hufika wakiwa na saa ileile waliyoondoka nayo. Linalowashughulisha ni mikati, yaani mipaka iliyowekwa kuizunguka Makka, ambayo mwenye kukusudia hija au umra haivuki bila kuingia katika ihramu. Watu wa Yemen na wanaokuja kwa upande wao mikati yao ni Yalamlam. Ibn Hajar al-Haytami, fakihi mkubwa wa Kishafi wa karne ya 16, aliwaruhusu wanaokuja kwa bahari kutoka upande huo kuchelewesha ihramu hadi Jeddah, kwa hoja ya kwamba Jeddah na Yalamlam zote ziko marhala mbili kutoka Makka. Wengine walimpinga kwa kuwa Yalamlam iko mbali zaidi. Katika zama za ndege Sheikh Abdullah bin Zayd Al Mahmoud wa Qatar aliwaruhusu abiria wa angani kuhirimia Jeddah, na Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya jumuiya iliyoitwa wakati huo Jumuiya ya Mkutano wa Kiislamu, katika kikao chake cha Amman cha mwaka 1986, likaamua kinyume, kwamba abiria wa ndege ataingia katika ihramu anapokuwa sambamba na mikati au anapopita juu yake. Ndege iendayo kilomita 900 kwa saa hukata kilomita 15 kwa kila dakika, kwa hiyo mpaka ambao mahujaji wa zamani waliukaribia kwa siku nzima hupitwa kabla mtu hajamaliza kuikunja shuka yake, na ndiyo sababu mahujaji wengi huvaa ihramu kabla hawajapanda ndege, wakaiacha nia peke yake isubiri tangazo la rubani.

Anayeruka kwenda magharibi huvuka mpaka mwingine, ambao ni jua lenyewe. Wanatheolojia wa Kiislamu, kama alivyowanukuu al-Sharif al-Jurjani, aliyefariki mwaka 1413, katika kamusi yake ya istilahi, waliueleza wakati kuwa ni tukio linalojulikana ambalo kwalo hukadiriwa tukio lisilojulikana, mfano mtu anapomwambia mwenzake kwamba atamjia jua likichomoza. Kwa maelezo haya wakati si mto unaotiririka nje ya viumbe. Ni uhusiano wa tukio na tukio, na katika sala tano tukio linalojulikana ni hali ya jua na mwanga wake kwenye upeo wa macho wa yule anayesali. Waswahili wamekulia mahali ambapo maelezo haya na saa ya ukutani havijawahi kugombana. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na hata Dar es Salaam tofauti ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja, ilhali New York hukaribia saa sita. Na saa ya Kiswahili, inayohesabu moja baada ya kucha na moja baada ya kuchwa, ni saa ya jua kwa asili yake. Mtu aliyezoea magharibi iingie karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima hana sababu ya kujua kwamba anafuata vitu viwili, kwa kuwa kwake vimekuwa kimoja daima.

Vitu hivyo viwili hutengana angani. Tuseme ndege imeondoka Nairobi saa sita usiku na kwenda saa 15: kwa saa ya Nairobi itatua saa tisa alasiri, na kwa saa ya New York itakuwa saa mbili asubuhi wakati wa kiangazi, au saa moja asubuhi wakati wa baridi. Ikifika saa kumi na moja alfajiri kwa saa ya mkononi ya abiria, nje ni usiku mtupu bado, kwa sababu ndege imekuwa ikilikimbia jua kwa saa tano, na akisimama kuisali alfajiri kwa kuitii saa hiyo ataisali kabla ya wakati wake, na sala iliyotangulia wakati wake haisihi. Anayerudi kutoka New York mchana hukutana na hali ya kinyume: anakwenda kulilaki giza, mchana wake unafupika, na akiwa amefunga atafuturu kabla ya saa aliyoitarajia mkazi wa New York aliyemwacha nyuma. Wengine huona haya kuufupisha mfungo kwa namna hiyo, kana kwamba wameiba saa kadhaa kwa Mola wao. Hawajaiba kitu, kwa sababu hawakuamrishwa kufunga saa kadhaa. Waliamrishwa kufunga mchana, na mchana wao umekwisha.

Mfano uliokithiri zaidi unafikirika kwa hesabu nyepesi. Katika ikweta uso wa dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na kasi hiyo hupungua kadiri mtu anavyoelekea kwenye ncha, hata ikifika latitudo ya digrii 57 hivi huwa karibu kilomita 900, ambayo ndiyo kasi ya ndege kubwa ya abiria. Ndege iendayo magharibi moja kwa moja juu ya latitudo hiyo italiona jua limesimama mahali pamoja, na magharibi haitaingia. Mafakihi walilijadili suala la namna hii kwa ajili ya nchi ya Bulghar kwenye mto Volga, ambako Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, alifika mwaka 922 akakuta usiku wa kiangazi ni mfupi kiasi kwamba aliyekuwa akingoja adhana ya isha alisikia adhana ya alfajiri. Baadhi ya Mahanafi, akiwamo al-Baqqali, walisema isha haiwapasi watu wa mahali ambapo wakati wake hauingii, kwa kuwa wakati ndio sababu ya wajibu, na sababu ikikosekana wajibu hukosekana. Ibn al-Humam, aliyefariki mwaka 1457, aliikataa rai hiyo kwa hadithi inayotaja siku za Dajali, ambapo Mtume aliulizwa kuhusu siku ndefu kama mwaka, iwapo sala za siku moja zingetosha, naye akasema hazitoshi, bali wakadirie. Hoja ya Ibn al-Humam inaonekana kuwa na uzito zaidi, siyo kwa sababu ya hadithi peke yake, bali kwa sababu ya namna inavyomtazama mwanadamu: jua ni alama ya wito, na alama ikipotea wito haupotei, kwa kuwa aliyeita yupo na aliyeitwa yupo.

Kuna pia suala la kimo, ambalo ni dogo kuliko hilo ila linawafika wengi zaidi. Ndege iliyo kilomita 11 juu ya ardhi huuona upeo ukiwa umeshuka chini kwa zaidi ya digrii tatu, na kwa sababu hiyo karibu na ikweta jua huchelewa kuzama machoni pa abiria kwa dakika 13 hivi kuliko linavyozama kwa mtu aliye ardhini chini yake. Al-Kasani, fakihi wa Kihanafi aliyefariki mwaka 1191, amehifadhi fatwa iliyotolewa kuhusu mnara wa Iskandaria, kwamba watu wa mjini wanaruhusiwa kufuturu jua likizama kwao, na aliye juu ya mnara haruhusiwi maadamu analiona. Mwaka 2011 wanazuoni wa Dubai waliifufua hukumu hiyohiyo kwa wakazi wa ghorofa za juu za Burj Khalifa, wakawataka wangoje dakika mbili au tatu zaidi kulingana na ghorofa zao. Kwa hiyo abiria anayefuturu kwa sababu tu rubani ametangaza kwamba katika mji ulio chini yao jua limezama, ilhali yeye analiona dirishani, amejiweka mahali ambapo hayupo.

Sharti hilo la kuwa pale ulipo ndilo linalounganisha hukumu ya umbali na hukumu ya muda, ambazo mwanzoni zilionekana kuvutana. Umbali huhesabiwa kutoka kwenye makazi kwa sababu mtu ana mahali pake. Wakati huhesabiwa kwa upeo anaouona kwa sababu mwili wake uko mahali pamoja tu, hauko alikotoka wala anakokwenda. Nawawi katika Minhaj analeta, katika mlango wa saumu, suala la mtu aliyeamka akisherehekea Idi, kisha jahazi lake likamfikisha mji wa mbali ambao watu wake bado wamefunga, naye anahukumu kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa mtu huyo atajizuia kula sehemu ya siku iliyobaki. Mwezi wake aliuona na Idi yake ilikuwa halali, lakini amefika kwa watu, na kufika kwa watu kuna wajibu wake. Waislamu wa Afrika Mashariki, ambao aghalabu huhitilafiana kuhusu mwandamo wa mwezi na kuwa na Idi mbili katika mtaa mmoja, wangefaidika kulizingatia suala hilo la jahazi kwa utulivu zaidi ya wanavyolizingatia sasa. Ndege, kwa upande wake, si mji na haina watu ambao kwao mtu anaweza kusemwa kuwa amefika. Abiria wake hawana mwezi wa pamoja wala adhana ya pamoja. Kwa muda wote wa zile saa 15, basi, msafiri hana wa kumfuata ila jua la dirishani kwake, na hukumu ya watu wa New York haimshiki hadi ndege itakapotua na yeye kushuka, ambapo akikuta wamefunga atajizuia pamoja nao.